Ada Haimwondolei Mzazi Kazi Yake

Lipo neno moja lililoenea sana siku hizi, vijijini na mijini, nalo ni hili: "Mimi nimekwisha lipa ada, nimenunua sare na madaftari, yaliyobaki ni kazi ya mwalimu." Na pale ambapo ada haidaiwi, kama katika shule za Serikali ya Tanzania tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, neno hilo limegeuka sura tu, likawa: "Serikali yasomesha bure, mimi nina shamba langu la kulima." Wasemao hivi si watu wabaya. Ni jirani zetu, wawapenda watoto wao, na wengine hujinyima nguo ili mtoto apate viatu. Walakini neno lenyewe ni baya, nasi twaandika kulipinga, maana matunda yake twayaona kila mwaka.

Sisi tuandikao ni mume na mke, walimu wa shule ya msingi, tena wazazi wa watoto watatu. Twaujua mlango wa shule kwa pande zote mbili: tumesimama ndani tukiwapokea watoto wa wenzetu, tena tumesimama nje tukiwakabidhi wa kwetu. Basi neno letu ni hili moja: mtoto mdogo hufundishwa kwanza nyumbani, na mzazi wake, kabla ya kwenda shule na hata baada ya kuanza kwenda. Shule ni msaidizi. Msaidizi akiachiwa kazi yote, kazi huharibika, na atakayedhurika si mwalimu wala mzazi, bali ni mtoto.

Tuonyeshe kwanza madhara yenyewe. Tangu miaka ya 2009 na 2010 watu wa shirika la Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapima watoto kusoma na kuhesabu. Vipimo vyao vya kwanza vilionyesha ya kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi iliyopimwa kwa darasa la pili. Angalieni, ndugu, walipimwa nyumbani kwao, mbele ya wazazi wao. Na wazazi wengi siku ile ndipo walipojua. Mtoto alikuwa akitoka asubuhi na kurudi mchana, miaka mitatu, na hakuna hata siku moja aliyeambiwa, "Lete kitabu chako, nisomee." Mtoto wa namna hii huketi nyuma darasani. Wenziwe wakisoma kwa sauti yeye hufuatisha midomo. Akiitwa ubaoni huona haya. Akifika darasa la tano amekwisha jiona mjinga, na mwisho wake ni utoro. Hakuzaliwa mjinga; alikosa mtu wa kumsikiliza.

Sasa na tuzitazame hoja za wale wanaotupinga, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni ya wenye fedha kidogo. Husema: "Nitamtafutia mtoto wangu shule nzuri ya bweni mjini, akalelewe na wenye ujuzi." Na mtoto anayesemwa hapa ana miaka mitano! Twauliza: mtoto wa miaka mitano akikojoa kitandani usiku, ni nani atakayemwamsha kwa upole? Akiota ndoto mbaya, atamwita nani? Mlezi mmoja mwenye vitanda arobaini, hata akiwa na moyo wa dhahabu, hana mikono arobaini. Twamjua mtoto mmoja aliyepelekwa hivyo, na shule yenyewe hatuitaji jina. Aliporudi likizo alimwamkia mama yake kama mgeni, akaomba ruhusa ya kunywa maji ndani ya nyumba ya baba yake. Majirani wakamsifu: "Tazama adabu yake!" Sisi hatukuiona adabu, tuliona mtoto aliyesahau kwamba ana kwao.

Wala si sisi peke yetu tuonao hivi. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hata darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalum, na sababu iliyotajwa ni kwamba watoto wadogo hunyimwa nafasi ya kushikamana na wazazi na jamaa zao. Tuliposoma waraka ule tulifurahi, kisha tukasikitika. Tulifurahi kwa ajili ya watoto. Tulisikitika kwa kuwa imetubidi wazazi tuambiwe na Serikali kukaa na watoto wetu wenyewe. Kuku haambiwi na mtu kutamia mayai yake.

Hoja ya pili ni ya wanyenyekevu, nayo yatuuma zaidi. Husema: "Sisi tu wakulima, darasa la saba ndiyo mwisho wetu, tutamfundisha mtoto nini?" Ndugu zetu, mwajidharau bure. Wewe usomaye ukurasa huu unayo tayari elimu yote ihitajikayo kumfundisha mtoto kusoma, maana Kiswahili kimeandikwa kwa wema mkubwa. Irabu zake ni tano tu, na kila moja haibadili sauti yake mahali popote. Mtoto akijua *a* ya "baba" amekwisha ijua *a* ya "maji" na ya "Kanaani."

Hatusemi haya kwa kusikia. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote za Tanzania zilifungwa, nazo za msingi zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni. Wenzetu wa Kenya walingoja zaidi, wengi wao hata Januari 2021, na wa Uganda wako waliongoja hata Januari 2022. Sisi tulikuwa na majuma kama 15, na watoto watatu ndani ya nyumba: mkubwa ana miaka 10, wa pili 7, na wa mwisho 5, naye hajakanyaga shule bado. Tukaona ya kuwa huu ndio wakati wa kufanya nyumbani yale tuliyokuwa tukiyahubiri kwa wengine.

Kwa yule mdogo hatukununua kitu. Tulichukua sinia, tukatia mchanga laini, naye akaandika kwa kidole. Siku chache za kwanza zilikuwa za irabu tu: a, e, i, o, u. Kisha tukaleta herufi *m*: ma, me, mi, mo, mu. Kisha *b*, kisha *k*. Jaribuni wenyewe mwone: kwa irabu tano na herufi hizo tatu tu, mtoto aweza kusoma mama, baba, kaka, babu, bibi, kuku, boma, mkoba, mkebe na kibaba. Hayo si maneno matupu kwake. Mama yupo jikoni, kuku yupo uani, mkoba umening'inia ukutani. Akisoma "kuku" hucheka, kwa kuwa ameona ya kuwa alama zile mchangani ni yule yule anayekimbia pale nje. Kila juma tuliongeza herufi moja au mbili, tukaacha za taabu, kama vile *ng'* ya "ng'ombe" na *dh* ya "dhahabu," zije mwisho. Mwezi wa pili alisoma lililoandikwa kwenye mfuko wa chumvi bila kuambiwa na mtu. Shule zilipofunguliwa alikuwa akisoma sentensi fupi. Mtoto huyu hana akili kupita watoto wenu. Tofauti ni kwamba alikuwa na mtu wa kuketi naye kila siku.

Yule wa pili alikuwa akijua kusoma, ila alisoma kama kasuku. Kwake tulitumia dawa moja: akimaliza ukurasa afunge kitabu, atusimulie kwa maneno yake mwenyewe. Siku za kwanza alisimama kimya. Baada ya majuma kadhaa alikuwa akisimulia hata tukamwomba apunguze. Na yule mkubwa tulimpa kazi ya kumfundisha mdogo wake hesabu siku mbili katika juma. Naye akajifunza kuliko wote, maana afundishaye hujifunza mara mbili.

Na hesabu je? Bao lipo karibu kila baraza. Lina safu nne, na kila safu mashimo manane: jumla mashimo 32. Tia kete mbili mbili katika kila shimo, utapata kete 64. Hapo pana kuzidisha, kugawanya na kutoa, tena mtoto hucheza wala hajui kwamba anasoma. Bibi yao, ambaye hajui hata kuandika jina lake, aliwafundisha vipimo vya zamani: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Siku moja akawauliza, "Pishi tatu ni vibaba vingapi?" Watoto wakakimbilia vidole, naye akawangoja akitabasamu, jibu lake akiwa nalo tayari. Tena ndiye aliyewategea vitendawili kila jioni. Kitendawili ni kazi kubwa ya akili: kwambiwa nyumba isiyo na mlango, na kutafuta humo yai, ndiko kufikiri. Basi asiseme mtu ya kuwa mzee asiyesoma hana la kumfundisha mtoto.

Hoja ya tatu ni hii: "Hatuna nafasi. Asubuhi shamba, mchana kuni na maji, jioni kupika." Hoja hii twaiheshimu, kwa kuwa sisi nasi twalima. Walakini mtoto mdogo hahitaji saa nyingi. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza, ambaye kitabu chake juu ya elimu ya nyumbani kilitoka mwaka 1886, aliwashauri wazazi kwamba masomo ya watoto wadogo yawe mafupi, ili mtoto azoee kuangalia kwa moyo wote, kisha aachwe atoke nje aone miti, ndege na wadudu. Tena yeye ndiye aliyetilia mkazo sana jambo hili la mtoto kusimulia alichosomewa. Sisi tulijaribu robo saa ya kusoma na robo saa ya hesabu, basi. Nusu saa kwa siku! Ni nani kati yetu asiyekaa nusu saa barazani, au dukani, au akitazama simu yake? Mtoto akienda nawe shambani, mwambie ahesabu matuta. Akienda nawe sokoni, mwache ahesabu chenji. Njia ya kisimani nayo ni darasa, ikiwa mama atajibu maswali badala ya kusema "nyamaza."

Na hapa twawageukia akina baba. Wengi wetu tukisikia habari za kufundisha watoto nyumbani hudhani kwamba zawahusu wanawake. Ni kweli ya kuwa wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini hawakusema kwamba babaye akacheze bao peke yake! Mtoto wa kiume aonapo kwamba kitabu hushikwa na mama tu, hutambua upesi kwamba kusoma si kazi ya wanaume. Baba asomaye na mtoto wake nusu saa amemwachia urithi usioliwa na mchwa.

Hoja ya nne ni ya wale watakao Kiingereza. Husema: "Kiswahili atakijua tu, heri aanze na Kiingereza angali mdogo." Kwa hiyo hulipa fedha nyingi ili mtoto wa miaka minne akariri majina ya matunda asiyoyaona kamwe. Hatukidharau Kiingereza. Ndiyo lugha ya masomo katika shule zetu za sekondari, na mtoto atakihitaji. Walakini kusoma ni kufahamu, na mtoto hufahamu kwanza kwa lugha aliyonyonya nayo. Akiisha jua siri ya herufi kwa lugha anayoielewa, atakwenda nayo katika lugha ya pili, kwa kuwa hakuna mtu ajifunzaye kusoma mara mbili. Bali akianzishwa kwa lugha asiyoielewa, tena ambayo herufi moja ina sauti nyingi, amebebeshwa mizigo miwili kwa mara moja, na mingi huanguka njiani. Tena liko jambo lililo kubwa kuliko hili: lugha ile mzazi haijui. Mzazi amejifungia mlango mwenyewe. Hawezi tena kumsikiliza mtoto wake akisoma, wala kumsahihisha. Ndipo asemapo, "Yaliyobaki ni kazi ya mwalimu," na safari hii asema kweli, maana amejinyang'anya kazi yake kwa fedha zake.

Wengine watasema kwamba mambo haya ni mapya, ya watu wa siku hizi. La, ni ya zamani sana. Wasomaji wengi wamesikia jina la John Wesley, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1703. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na wengi wao walikufa wangali wachanga. Waliosalia aliwafundisha yeye mwenyewe nyumbani kwao Epworth. Hakumwanzisha mtoto kusoma mpaka atimize miaka mitano. Na akiisha zijua herufi, kitabu chake cha kwanza kilikuwa Mwanzo, sura ya kwanza. Tena mama yule, katika kazi zake zote, alimtengea kila mtoto jioni yake katika juma, wazungumze wawili peke yao. Hatuwaambii mfuate saa zake, maana zilikuwa nyingi mno kwa watoto wadogo. Lakini ile jioni ya kila mtoto, ni nani asiyeiweza? Mama yule hakuwa na shule, wala mshahara, na fedha za nyumba hazikutosha. Alikuwa na watoto na kitabu, na nia isiyolegea.

Sasa imebaki hoja ya tano, nayo yatoka upande mwingine kabisa. Wapo waliosoma maneno kama haya yetu wakayavuta kupita mpaka, wakasema: "Ikiwa nyumbani kwafaa hivyo, kwa nini tuwapeleke shule hata kidogo? Marekani wazazi huwafundisha watoto wao nyumbani hata wamalize." Ni kweli, Marekani majimbo yote 50 huruhusu jambo hilo, kila moja kwa masharti yake. Lakini Ujerumani sheria hulikataza, na watoto wote sharti waende shule. Basi asiyetaka kufikiri asijifiche nyuma ya Wazungu, kwa kuwa Wazungu wenyewe hawakupatana. Sisi na tutazame kwetu. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 iliagiza mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule, na Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2013, humpasa mzazi kumwandikisha mtoto wake na kuhakikisha anahudhuria. Tena tuache sheria, tutazame mambo yenyewe. Sisi tu walimu, nasi katika majuma yale 15 tuliona mahali nguvu zetu zilipokoma. Mtoto wetu mkubwa alihitaji wenzake wa kushindana nao, na vitabu tusivyokuwa navyo. Alihitaji pia kujifunza kukaa na mtoto wa mtu asiye wa ukoo wake, wala wa dini yake, na kugawana naye dawati moja. Hayo nyumba moja haiwezi kuyatoa. Na twaogopa jambo jingine: kwa jina la kufundisha nyumbani, wako watakaowaficha binti zao jikoni na wavulana wao machungani, wasiwafundishe lolote. Kwa hiyo twasema wazi: mzazi amwachishaye mtoto shule asidai kwamba sisi ndio tuliomshauri.

Neno letu, basi, lasimama katikati, wala si kwa woga. Mzazi asimtupe mtoto shuleni kama mzigo uliofika bandarini; wala asimfungie nyumbani kama mali iliyofichwa. Nyumbani mtoto apate herufi za kwanza, hesabu za kwanza, hadithi, na moyo wa kupenda kuuliza. Shuleni apate wenzake, vitabu na elimu ipitayo ile ya wazazi wake. Na kila jioni vitu hivi viwili vikutane, pale mzazi asemapo, "Nisomee ulichosoma leo."

Twajua kwamba wako watakaotujibu ya kuwa twasema hivi ili kuipunguza kazi ya walimu. Tungependa waje wakae siku moja katika darasa la kwanza. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani huweza kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika ngapi kwa siku? Mara nyingi hata moja haipati. Mzazi mwenye watoto watatu aweza kumpa kila mmoja dakika kumi. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe, kisha mseme ni nani aliye na nafasi kubwa ya kumfundisha mtoto kusoma.

Enyi wazazi, hatuwaombi mjenge shule wala mnunue kitu. Leo jioni mwiteni mtoto, mumpe kitabu au hata gazeti hili, mwambieni asome mistari mitano. Akisoma vema, msifuni, na kesho aongeze. Akishindwa, msimpige, wala msikimbilie kumlaumu mwalimu wake. Leteni sinia na mchanga, mwanze na *a*. Ikiwa mtoto ana miaka minne au mitano, msimharakishe. Mpeni hadithi, vitendawili na kete za kuhesabu, na herufi zitakuja kwa wakati wake. Na walio na mtoto mdogo bwenini, wakamchukue arudi nyumbani. Ada iliyokwisha lipwa hasara yake ni ndogo. Utoto wa mtoto ukiisha pita hakuna awezaye kuurudisha.